Vidole Vinne Begani mwa Mtoto

Wifi yangu mkubwa anaishi Muscat. Aliolewa huko, akazaa huko, na safari ya kurudi Mombasa haimjii kila mwaka, maana tikiti za familia nzima ni mzigo. Kwa hiyo Idi aliyokuja kusherehekea nasi hapa Majengo ilikuwa Idi ya kukumbukwa, na mavyaa alitoa agizo moja tu. Mambo ya nyama na nguo alituachia sisi. Yeye alitaka picha ya nyumba nzima, kubwa, itiwe fremu na kutundikwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, ili wanawe wakishatawanyika awe anawaona.

Kazi ikamwangukia shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba. Watoto humwita Ami, na sisi wakubwa tumefuata. Alikuwa amenunua kamera iliyokwisha kutumika, nzuri, yenye lenzi za kubadilisha, na usiku hakosi mbele ya video za mafunzo. Kijana huyu ana jicho. Picha yake ya ngalawa zikitoka alfajiri, na ile ya bibi anayesuka ukili kizingitini, ningezitundika kwangu bila kuombwa. Yaliyotufika hayakutokana na uzembe. Yalitokana na kanuni alizozishika kwa bidii, kisha akazipeleka mahali pasipo pake.

Ya kwanza ni ile ya theluthi. Kila anayeshika kamera hukutana nayo mapema: igawe fremu kwa mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, kisha ukiweke kitu chako kwenye mstari au pale mistari inapokutana, usikiweke katikati. Simu nyingi zina gridi hiyo tayari. Wachache wanajua ilikotoka. Aliyeiandika kwa jina hilo ni Mwingereza John Thomas Smith, mchoraji, mwaka 1797, katika kitabu chake juu ya mandhari ya mashambani, na alichokuwa akikipima ni sehemu gani ya mchoro ipewe mbingu na ipi ipewe ardhi na maji. Hakuwa na ukoo wa watu zaidi ya ishirini barazani, wajukuu wawili wakigombea kofia moja.

Ami alitupanga alasiri, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa upya kwa ajili ya Idi. Mavyaa alipewa kiti, lakini kiti kikavutwa kushoto mpaka kikafika kwenye mstari. Sisi wengine tukaenea kulia kwake kwa safu moja ndefu. Mwisho kabisa wa kulia alisimama wifi wa Muscat, kwa kuwa abaya yake ilikuwa ya zambarau na Ami alisema rangi ile itaifunga picha. Mwisho kabisa wa kushoto, ubavuni mwa mlango wa uani, alisimama Yaya.

Yaya alikuja nyumba hii kutoka Kaloleni akiwa msichana, mume wangu bado anatambaa. Amewalea watoto wote wa mavyaa. Ami mwenyewe amelala sana mgongoni mwake. Kisha akalea wangu. Si mtu wa kujitanguliza. Siku ile mavyaa ndiye aliyempigia ukelele atoke jikoni, akatoka akijifuta mikono kwa leso, akasimama pale mlangoni nusu ndani nusu nje, jicho moja kwenye wali uliokuwa motoni. Mwanangu wa pili alikuwa hatulii. Yaya akamwekea mkono begani, mtoto akatulia.

Mahali pa kurudi nyuma hapakuwapo. Njia yetu ni nyembamba, ukuta wa jirani uko hapo hapo, kwa hiyo Ami alifunga lenzi pana. Lenzi hiyo humwonyesha mpiga picha eneo kubwa hata akiwa karibu, lakini hutoza malipo yake pembeni: ili mistari ya kuta ibaki imenyooka, kila kilicho karibu na kingo huvutwa kwenda nje. Kwenye ukuta hutagundua. Kwenye uso wa mtu utaona mara moja. Wifi yangu, mwanamke mwembamba, alitoka na shavu moja pana kuliko la pili na bega la mbeba magunia. Ami angetupanga safu tatu, wazee vitini, warefu nyuma, watoto mkekani, tukakaribiana katikati na kuacha nafasi tupu huku na huku, asingevutwa mtu. Katika picha ya ukoo katikati ndipo pa heshima, na lenzi nayo inakubaliana na heshima hiyo.

Jambo la pili lilikuwa mwanga. Kamera haijui kwamba ukuta ni mweupe. Inapima fremu nzima, inatafuta wastani, na wastani inaoutaka ni kijivu cha kati. Ikipewa chokaa mpya na kanzu za Idi hufikiri mwanga umezidi, ikapunguza. Ukuta ukawa wa kijivu na nyuso zetu zikazama gizani. Mitambo hii na ngozi zetu zina historia ndefu ya kutoelewana. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na aliyekuwa mweusi alitoka namna alivyotoka. Watengenezaji wa simu wameanza kurekebisha hesabu zao. Google ilitangaza kazi yake ya aina hiyo mwaka 2021. Lakini mpiga picha wa nyumbani hana haja ya kungoja watengenezaji. Aelekeze kipimo usoni badala ya ukutani. Mwenye simu aguse uso wa mtu kwenye kioo, kisha apandishe mwanga kidogo kwa kidole, akubali ukuta upotelee katika weupe wake. Ukuta hauna jamaa wa kuulalamikia.

Ami hakuliona giza lile pale pale kwa sababu jua lilikuwa likipiga kioo cha kamera. Aliliona usiku, mbele ya laptopu. Wifi alikuwa anafunga mizigo. Baada ya siku chache akaondoka na wanawe. Kwa hiyo kila kilichoharibika kilikuwa hakina marudio, na Ami akajifungia chumbani kukitengeneza.

Nimeiona baadaye programu aliyoitumia, na naelewa jinsi inavyomteka mtu. Unavuta kitelezi kimoja, nyuso zinatoka gizani. Unavuta cha pili, rangi zinawaka. Cha tatu ni cha ngozi, na hapo ndipo mikunjo inapoyeyuka. Mavyaa ana kovu linalokata nyusi ya kushoto, alilolipata utotoni alipoanguka kisimani, na ana mistari mitatu mirefu kwenye paji la uso ambayo kila mwanawe aliyebaleghe ameirithi. Ami alimpenda mama yake akataka apendeze. Kovu likaenda, mistari ikaenda, na ngozi ikatoka nyepesi kuliko ya binti yake yeyote.

Kisha akachukua kifutio. Programu za leo zinafanya jambo hili kwa wepesi mno: unakizungushia kitu kidole, kinatoweka, na mahali pake panazibwa kwa vipande vya kilicho jirani. Akafuta waya wa stima. Akafuta mtungi wa gesi na kamba ya nguo. Masomo yake yalimfundisha kwamba kitu kilichokatwa nusu ukingoni mwa fremu hulivuta jicho nje ya picha, kwamba kingo lazima ziwe safi. Pale mlangoni alisimama mtu nusu, leso yake ina doa la maji, anatazama jikoni. Ami akamzungushia kidole Yaya.

Kuhariri kwenyewe sikulaumu. Hata wakubwa wa kazi hii wameteleza katika vishawishi vile vile. Februari 1982, miaka minane kabla Photoshop haijaanza kuuzwa, jarida la National Geographic lilizisogeza karibu piramidi za Giza kwa mashine ili zienee kwenye jalada lake la kusimama, na likalaumiwa kwa miaka. Piramidi lakini hazikusikia lolote.

Alipomaliza akabonyeza kuhifadhi, na programu ikahifadhi juu ya faili ile ile ya asili. Ilikuwa JPEG, aina ya faili ambayo kila ikihaririwa na kuhifadhiwa upya hutupa sehemu ya maelezo yake, na kilichotupwa hakirudi. Zile nyingine za siku ile aliziona hazifai. Kamera ikawa inalia kwamba kadi imejaa, watoto wanataka kupigwa picha kwenye bustani ya Mama Ngina, akaisafisha kadi na kwenda baharini.

Picha akaituma kwa fundi wa kuchapisha kwa WhatsApp. Iliporudi ilikuwa kama imepigwa nyuma ya chandarua, na Ami alikuwa tayari kumlaumu fundi. Fundi hakuwa na kosa. Picha inayopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, upande wake mrefu ukabaki na pikseli zipatazo 1600. Uchapishaji mzuri hutaka pikseli 300 kwa inchi. Ukigawanya, unapata inchi tano na ushei, yaani sentimita 13 na nusu, na fremu ya mavyaa ilikuwa ya A3, sentimita 42 kwa urefu wake. Mashine ilitandaza kidogo ilichopewa mpaka kikaenea. Mwenye kutaka picha kubwa aitume kama hati, ambayo haipunguzwi, au aipeleke dukani kwa flashi mwenyewe. Ami alikwenda na flashi.

Ya pili ilitoka kali. Kila uzi wa kofia ulionekana. Na ukali ule ndio ulioifichua.

Tulikuwa sote sebuleni baada ya isha. Ami aliivua karatasi ya kufungia, akaisimamisha juu ya meza. Mavyaa akavaa miwani yake, akasogeza kiti. Alianza na yeye mwenyewe, akatazama kwa muda, akauliza:

"Ni nani huyu aliyekalia kiti changu?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi nina kovu."

Ami akasema ameliondoa apendeze. Mavyaa hakujibu. Akaendelea kulia kwa kidole, mtu mmoja mmoja, akitaja majina kwa sauti, mpaka akafika kwa wifi wa Muscat, akatikisa kichwa kwa lile bega. Akarudi kushoto. Akafika kwa mwanangu. Kidole kikasimama.

"Na vidole hivi ni vya nani?"

Nilisogea nikaona. Begani mwa mtoto, juu ya kanzu nyeupe, vilikaa vidole vinne vya mkono wa kulia, vimeikunja nguo kidogo. Kucha ya kidole cha shahada ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Nyuma ya vidole hapakuwa na kiganja wala mkono. Palikuwa na ukuta tu, na ukuta wenyewe ulikuwa na ufa mmoja mdogo uliojirudia mara tatu, umbo lile lile, kwa sababu programu ilikuwa imenakili kipande kimoja na kukibandika mpaka pakajaa. Kwenye ile ya ukungu yote haya yalimezwa. Sasa hapakuwa na pa kujificha.

Yaya alikuwa ameingia na sinia la chai. Akainama kutazama na yeye.

"Ni vyangu," akasema, akaweka sinia, akaanza kumimina.

"Nilisafisha pembeni tu, Mama," Ami akasema. "Alikatika nusu. Alikuwa anaharibu mpangilio."

"Kwani Yaya ni uchafu?"

Hakuna aliyekunywa chai ile ikiwa moto. Mavyaa aliinuka akaingia chumbani, tukasikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na picha ndogo ya studio, kingo zake zimeliwa na mende, yeye mwenyewe akiwa mwari, amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua. Midomo ilikuwa imetiwa rangi kwa brashi. Kovu lilikuwapo.

"Fundi aliniuliza, 'Hili niliondoe?'" mavyaa alisema. "Nikamwambia aliache. Baba yangu atanijua kwa lipi?"

Zama zile pwani ilikuwa na mafundi waliojua kuibadilisha picha kuliko Ami na laptopu yake. Hapa Mombasa alikuwapo N. V. Parekh, na watu wa mjini walikwenda kwake wamevaa walivyotaka kuonekana. Unguja ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akawa anakata picha kwa mkasi, anazibandika upya na kuzipiga tena, sura ya mtu ikachipuka ndani ya ua lililochanua. Hakuna aliyedanganyika kwamba mtu yule aliota kwenye shina. Mteja aliagiza, akalipa, akachukua picha yake akifurahi. Fundi wa zamani alikaa ana kwa ana na mwenye uso, mchana, kabla hajashika penseli ya kugusa negativu. Ami alikaa peke yake usiku na nyuso za watu waliolala, na programu haina swali la kuuliza ila moja, kama uhifadhi au usihifadhi.

Picha ile mavyaa aliikataa. Alisema afadhali ukuta mtupu.

Ami alihangaika. Alifungua laptopu kutafuta ya asili, akakuta jina lile lile na picha ile ile iliyohaririwa. Alifungua kadi, akakuta mawimbi na vibanda vya mihogo ya Mama Ngina. Ndipo kifungua mimba wangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, alipomzuia mkono: "Ami, usipige hata moja tena kwa kadi hiyo." Akatueleza. Ukifuta picha kwenye kadi, kamera haiendi kuikwangua. Inafuta jina lake kwenye orodha na kutangaza kwamba mahali pale ni patupu. Picha yenyewe inabaki imelala mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kadiri unavyoendelea kupiga, ndivyo unavyozika. Iko programu ya bure iitwayo PhotoRec, ambayo haitazami orodha kabisa. Inapita kadi nzima kutafuta alama za mwanzo wa faili na kuziokota. Muhimu kilichookotwa kihifadhiwe kwenye kompyuta, kisirudishwe kwenye kadi hiyo hiyo kikaua vilivyobaki.

Wakaanza. Mavyaa alikataa kulala. Yaya naye alikaa, ameshika tasbihi yake, Ami akiwa sakafuni karibu na miguu yake bila kumtazama. Picha zilirudi ovyo: moja nusu ni sisi na nusu ni ukanda wa kijivu, nyingine vichwa vyetu viko sawa na miguu yetu imekatwa vipande vya rangi, kwa kuwa bahari imekwisha kuandikwa juu yake. Ile aliyoichagua Ami haikurudi.

Ikarudi aliyoikataa. Kofia ya mjukuu imekaa upande. Wifi wa Muscat amefungua kinywa, anacheka kitu alichoambiwa na mume wangu. Mtungi wa gesi upo, waya upo, kamba ya nguo ina shuka. Mavyaa amekunja nyusi kwa jua, na kovu limekunjika nayo. Na mlangoni Yaya amegeuka kabisa, uso wote, mkono wote mpaka kwapani, anamtazama mtoto aliyemshika.

"Hiyo," mavyaa akasema.

Ami aliihariri tena kesho yake, mchana, meza ya kulia, mama yake kwenye kiti cha kulia na Yaya cha kushoto. Kwanza alitengeneza nakala na kuifungia ya asili kwenye folda yake. Akanyoosha picha kidogo, kwa kuwa baraza lilikuwa limeinama. Akapandisha mwanga wa nyuso peke yake, taratibu, mpaka mavyaa aliposema basi. Kifutio hakukigusa. Wifi alipigiwa simu ya video akaonyeshwa, akaomba bega lake lipunguzwe upana. Likapunguzwa, maana upana ule ulikuwa wa lenzi, haukuwa wake. Aliulizwa pia kama kinywa kilicho wazi kinamkera. Akasema kiachwe. Kisha mavyaa akaongeza sharti ambalo lilikuwa sheria hata zamani: picha yenye wanawe wa kike haiendi status ya mtu yeyote.

Mimi naona kazi ya pili ya Ami ni bora kuliko ya kwanza hata kwa vipimo vya ufundi. Jicho linaingia kwa kicheko cha wifi, linapita vichwa vyote, linasimama mlangoni kwa Yaya, na Yaya analirudisha ndani kwa sababu anamtazama mtoto. Aliyefundishwa kusafisha kingo angeijua kazi hiyo inayofanywa na mtu wa ukingoni.

Nakala mbili zilichapishwa. Moja iko juu ya kabati la vyombo. Ya pili Ami aliipeleka mwenyewe Kaloleni, nyumbani kwa dada yake Yaya, akakaa huko mpaka magharibi.

Nawe ndugu yangu ambaye mwaka huu utapewa kamera, uambiwe, "Haya, tupige": nunua kadi ya pili. Ya siku hiyo itoe, iweke kabatini, usiifute mpaka picha imeshatundikwa na kila aliyesimama mbele yako amejiona.